Je, kimbunga cha Bahari ya Hindi chaweza kuitisha Isiolo?

Kwa upepo wake, la. Mji wa Isiolo uko chini ya nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, na zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani. Vimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, nguvu ambayo karibu na Ikweta huwa hafifu mno. Ndiyo maana ni nadra kutokea ndani ya digrii 5 za mstari huo. Hata Hidaya, kilichofika karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, mnamo Mei 2024, kilidhoofika papo hapo pwani.

Hata hivyo, mfugaji wa Garbatulla ana sababu ya kufuatilia kimbunga kilicho mbali, kwani chaweza kumnyima mvua au kumzidishia. Machi 2019, Idai, kilichouharibu mji wa Beira nchini Msumbiji, kilivuta unyevu kuelekea kusini na masika ya Kenya yakachelewa. Mwaka mmoja kabla, mambo yalikuwa kinyume. Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki wa Madagaska, pepo zenye unyevu zikavutwa kutoka Kongo, na Machi hiyo Kenya ikanyeshewa kupita kiasi. Kinachoangaliwa basi ni mahali kimbunga kilipo, zaidi ya ukali wake.

Mafuriko nayo huletwa na mto. Ewaso Nyiro hukusanya maji ya Mlima Kenya na Nyandarua, hivyo malisho ya Merti huweza kufunikwa na maji pasipo tone kuanguka huko.