Jeneza Linalorudi: Mazishi ya Kijani na Historia ya Neno Moja

Kwa Waislamu wa mwambao, jeneza ni chombo cha kubebea maiti. Watu hupokezana kulibeba hadi mavani. Huko maiti hushushwa kaburini akiwa ndani ya sanda, hulazwa katika mwanandani na kufunikwa kwa kiunza, nalo jeneza hurudishwa msikitini. Kwa wasemaji wengi wa bara, hasa Wakristo, jeneza ni sanduku linalofukiwa pamoja na maiti. Neno moja limebeba desturi mbili, na tofauti yake ndiyo hasa inayobishaniwa na harakati ya mazishi ya kijani.

Harakati hiyo ilizuka katika jamii zilizokuwa zimezama katika desturi ya pili. Nchini Marekani, kutia maiti dawa ili asioze kulienea wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865, familia zilipotaka miili ya askari irudishwe nyumbani kutoka mbali. Safari ndefu ya mwili wa Rais Lincoln mwaka 1865 iliutangaza ufundi huo. Nchini Uingereza, Ken West, aliyesimamia makaburi ya mji wa Carlisle, alifungua mwaka 1993 eneo la kuzikia ambamo mti ulichukua nafasi ya jiwe. Mwaka 1998 daktari Billy Campbell na mkewe Kimberley walianzisha Ramsey Creek, South Carolina, ambako kuzika na kuhifadhi msitu ni kazi moja.

Katika maeneo ya namna hii, aghalabu watu wa kujitolea hupanda miti na kung'oa magugu, na jamaa huweza kufukia kaburi kwa mikono yao. Huko hilo lilihesabiwa kuwa jambo jipya. Kwetu kuosha na kuzika ni faradhi ya kifaya kwa Waislamu, na ni wajibu wa ujirani kwa wengi wasio Waislamu. Methali ya "mwosha huoshwa" haihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote wa pwani.

Hata hivyo, tusiipambe historia yetu kupita kiasi. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na tanuri za chokaa zilikula kuni nyingi. Chini palikuwa na sanda. Juu palikuwa na fahari.

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Mwaka 2013 Rwanda ilitunga sheria ya makaburi iliyoruhusu pia uchomaji wa maiti, na miji mingine ya ukanda huu itakabiliwa na uhaba huohuo wa ardhi. Anayeandika rasimu kwa Kiswahili atenganishe "jeneza la kubebea" na "sanduku la kuzikia", na kabla ya kutafsiri istilahi za Carlisle awaulize waosha maiti na wachimba kaburi wa mtaani kwake wanayaitaje mambo hayo.