Kabla ya Kuandika "Uzembe"

Hapa Chepkoilel, pembezoni mwa Eldoret, mgonjwa akizidiwa husemwa kwamba amepelekwa "Referal". Magazeti huiita Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, nami nalipenda sana hilo neno rufaa. Asili yake ni Kiarabu, rafaa: kuinua, kupandisha. Mahakamani mtu hukata rufaa, kesi yake ikapandishwa kwa hakimu mkubwa zaidi. Kwenye zahanati mgonjwa huandikiwa barua ya rufaa, akapandishwa kwa tabibu mkubwa zaidi. Hospitali hiyo ya Moi, iliyofunguliwa mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60, ilifanywa ya rufaa mwaka 1998, na wagonjwa wa magharibi mwa Kenya huinuliwa kuelekea Eldoret hadi leo. Neno lenyewe limebeba ahadi: aliyeinuliwa asidondoshwe.

Ahadi hiyo imepewa jina, usalama wa mgonjwa, na tangu mwaka 2019 imetengewa siku yake duniani, Septemba 17. Jina hilo si baya, ila nchini Kenya usalama umekwisha kuajiriwa na polisi. Tuna vikosi vya usalama, kamati za usalama, mikutano ya usalama. Mwambie mzee wa Moiben kwamba hospitali ina kamati ya usalama, atawaza askari wa langoni. Mzizi tuushike, maana ni uleule wa salama na salamu, lakini tuutumie pia katika kitenzi: kusalimika. Aliyesalimika amepita penye hatari akatoka mzima. Kulazwa wodini ni kupita penye hatari, hata wodi iwe safi namna gani, na kitenzi hiki hakifichi jambo hilo.

Neno linaloniumiza ni uzembe.

Mapema mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, madaktari walifungua fuvu la mgonjwa wakitafuta damu iliyoganda, wasiione. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimepishana. Aliyepasuliwa hakuhitaji kupasuliwa. Wahudumu walisimamishwa kazi, wenzao wakalalamika kwamba lawama imeshushwa kwa wadogo. Habari ya namna hii ikitokea, neno la kwanza midomoni mwetu huwa uzembe. Lakini mzembe ni nani? Ni mtu mwenye uwezo, mwenye muda, mwenye vifaa, ambaye hajali. Hukumu hiyo ni nzito mno kutolewa kabla ya kuuliza zamu ilikuwa na watu wangapi na ilianza saa ngapi.

Tulitazame kosa, neno dogo lenye akili kubwa. Kitenzi chake ni kukosa, na kukosa hubeba maana tatu kwa pamoja: kutopata, kutolenga, na kutenda lisilo sawa. Amekosa glavu. Amekosa mshipa. Amekosa. Sijui lugha nyingine niisomayo iliyoyaweka mambo hayo matatu ndani ya kitenzi kimoja. Muuguzi akikosa usingizi, akakosa msaidizi, akakosa taa ya kusomea jina kwenye chupa, mwishowe atakosa. Kiswahili kilikwisha kuona kwamba upungufu na kosa ni ndugu wa tumbo moja. Sisi ndio tunaowatenganisha tunapokimbilia uzembe.

Halafu ipo hitilafu, kutoka ikhtilafu ya Kiarabu, yaani kutofautiana. Tumeizoea kwa mitambo: hitilafu ya umeme, hitilafu ya injini. Napendekeza tuipeleke pia kwa taratibu. Utepe wa jina ukisema hivi na faili likasema vile, hiyo ni hitilafu kwa maana yake halisi, vitu viwili visivyoafikiana. Mtu anaweza kuadhibiwa, hitilafu ikabaki palepale ikimngoja mwenzake wa zamu ijayo.

Uchovu nao unahitaji kuchunguzwa, hasa sarufi yake. Tunasema "daktari amechoka", kana kwamba uchovu umechipuka ndani yake wenyewe. Kiswahili kinatupa ngazi nzima: choka, chosha, choshwa. Amechoshwa. Hapo msikilizaji hana budi kuuliza: na nini, na nani? Vivyo hivyo kulemewa, ambako humtaja aliyebeba na kuashiria mzigo. Kwa ile hali ya mhudumu kukauka moyo baada ya miezi ya kazi isiyopumzisha, wengine huandika "uchovu uliokithiri". Mimi ningeandika kuchoshwa, basi. Jimbo la New York lilipoweka ukomo wa saa 80 kwa juma kwa madaktari walio mafunzoni, mwaka 1989, baada ya kifo cha msichana wa miaka 18, lilikubali kwamba uchovu wa daktari una mtu aliyeupanga kwenye ratiba.

Hapo ndipo tunapofika kwa mwanagenzi. Gazeti la Taifa Leo huandika "madaktari wanagenzi", nami nafurahi kila nilionapo neno hilo, kwa sababu lina mwana ndani yake. Mwana ana mkubwa wake. Kumwachia mwanagenzi wodi nzima usiku kucha bila mkubwa wa kumuuliza ni kulivunja neno lenyewe. Na katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 hadi Mei 8, ugomvi mmoja ulikuwa wa istilahi kabisa. Mkataba wa 2017 ulitaja shilingi 206,000 kwa mwezi kwa mwanagenzi; serikali ikatoa 70,000 na kuiita posho. Madaktari walidai mshahara. Mshahara umetoka katika neno la Kiarabu la mwezi: haki ya mwezi uliofanyiwa kazi. Posho ni chakula cha kusukumia siku, na kwetu huku posho ni unga. Jina likibadilika, mtu naye hubadilika, kutoka mfanyakazi hadi mtu wa kulishwa.

Zamu ni neno lisilohitaji ukarabati. Mlinzi hushika zamu, na mhudumu wa wodi vilevile. Kulinda kumo ndani yake. Kinachohitaji jina ni ile robo saa ya asubuhi ambapo wa usiku anaondoka na wa mchana anaingia. Wauguzi wetu husema "kupeana ripoti". Ripoti ni karatasi. Kiswahili kina kukabidhi, chenye mzizi wa kushika na kufumbata; ndiyo maana mchoyo naye huitwa mtu kabidhi, hafumbui mkono. Tuseme makabidhiano ya wagonjwa. Anayekabidhi haachii mpaka mwenzake ameshika.

Kwenye chumba cha upasuaji kuna orodha ambayo Shirika la Afya Duniani liliijaribu katika hospitali nane kati ya 2007 na 2008, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara yanayofuata upasuaji kutoka 11 hadi 7. Tumeitafsiri "orodha hakiki", na tafsiri hiyo imepoteza roho yake. Nguvu ya orodha iko katika kusimama mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Kila kusimama ni kituo. Mwalimu humwambia mtoto asome kwa vituo. Mtu mtulivu hufanya mambo kwa kituo. Aliyevurugwa hana kituo. Vituo vitatu vya upasuaji: jina hilo litaikumbusha timu kutua, na litafichua haraka pale ambapo wagonjwa wamepangwa wengi kiasi kwamba hakuna nafasi ya kutua. Ataniambia mtu kwamba tayari kuna kituo cha afya na kituo cha basi. Neno lina mabega mapana, litabeba.

Na nusura! Kosa lililokaribia kumfikia mgonjwa likazuiwa, wataalamu wetu hulitaja kwa Kiingereza tu. Mtaani tuna "kuponea chupuchupu" na "kuponea tundu la sindano", misemo mitamu, lakini yote humtazama aliyepona. Nusura hutazama pande mbili. "Nusura nimpe dawa ya mwenzake": hatari imo, na wokovu umo, kwa kuwa mzizi wake ni wa msaada, ndugu wa kunusuru na kunusurika. Natamani kila wodi iwe na daftari la nusura, ambamo mhudumu huandika bila kuogopa barua ya kujieleza.

Limebaki neno la usafi: kwa mikono, neno sahihi ni kunawa. Kuosha ni kwa vyombo. Na panapokosekana maji, tangazo la ukutani halinawishi mtu.

Msomaji mwenzangu, usidhani mapendekezo haya ni ya kabatini. Mwaka 2020, wakati wa korona, barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani, liliingia midomoni mwa nchi nzima ndani ya majuma machache, kwa sababu waandishi na watangazaji waliamua kulitumia. Kwa hiyo nakuomba, uwe unahariri habari, unafundisha Kiswahili au unaandika matangazo ya wodi: andika kusalimika, makabidhiano, vituo, nusura. Andika amechoshwa, kisha utaje na nini. Uzembe liache hadi utakapojua zamu ile ilikuwa na watu wangapi.