Homoni ya Ukuaji Uzeeni: Hoja ya Tiba ya Peptidi na Kipimo cha Manufaa Yake

Homoni ya ukuaji, ambayo ni protini yenye amino asidi 191, hutolewa na sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na haitoki kwa mfululizo bali kwa mapigo, hasa katika usingizi mzito wa saa za mwanzo za usiku. Mapigo hayo huongozwa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayotoa homoni moja ya kuichochea tezi na nyingine, somatostatini, ya kuizuia. Homoni ya ukuaji ikishafika kwenye ini, huzalishwa kiambata kiitwacho IGF-1, ambacho ndicho hutekeleza sehemu kubwa ya kazi yake katika misuli na mifupa. Baada ya ujana, utoaji wa homoni hiyo hupungua kwa takriban asilimia 14 kila muongo, hali ambayo wataalamu huiita somatopozi. Kwa kuwa katika miaka hiyohiyo misuli hupungua na mafuta ya tumboni huongezeka, kumezuka hoja kwamba uzee unaweza kutibiwa kwa kuirejesha homoni hiyo katika kiwango cha ujanani, na siku hizi njia inayopigiwa debe zaidi ni ile ya peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi inayoiamsha tezi yenyewe. Makala haya yanadai kwamba hoja hiyo, ingawa ina mantiki ya kifiziolojia, imechukua kiwango cha homoni na uzito wa misuli kuwa ndiyo manufaa, ilhali manufaa yalipaswa kupimwa kwa kile ambacho mzee anaweza kukifanya.

Msingi wa hoja hiyo uliwekwa mwaka 1990, Daniel Rudman na wenzake walipochapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya utafiti wa wanaume 21 wenye umri wa miaka 61 hadi 81, ambao 12 kati yao walidungwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita na 9 hawakupewa tiba. Kwa waliodungwa, uzito wa mwili usio wa mafuta uliongezeka kwa asilimia 8.8 na ule wa mafuta ukapungua kwa asilimia 14.4, takwimu ambazo hazikuchelewa kuingia katika matangazo ya kliniki za kupambana na uzee. Lakini utafiti huo haukuonyesha kama wazee hao walipata nguvu zaidi, na swali hilo lilipoulizwa mwaka 1996 kwa wanaume 52 waliozidi miaka 69, misuli iliongezeka na mafuta yakapungua kama ilivyotarajiwa, ila nguvu za mikono na magoti hazikuzidi za wale waliodungwa sindano isiyo na dawa. Tafiti zilizofuata zilibainisha pia gharama kwa afya: kuvimba kwa sababu ya maji kujaa mwilini, maumivu ya viungo, ganzi ya mikono, na sukari kupanda katika damu.

Watetezi wa peptidi hujibu kwamba kasoro hizo ni za kudunga homoni yenyewe, kwa sababu sindano huupita mfumo wa mwili wa kujidhibiti. Sermorelini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa watoto wenye upungufu wa homoni, ina amino asidi 29 za mwanzo za ile homoni ya haipothalamasi inayoichochea tezi. Ipamorelini, yenye amino asidi tano tu, hutumia kipokezi cha grelini, homoni ya tumboni iliyotambuliwa Japani mwaka 1999. Zote mbili huiacha tezi itoe homoni kwa mapigo, na somatostatini hubaki na uwezo wa kuizuia inapozidi. Hoja hii ni ya kweli, lakini inahusu namna homoni inavyoingia mwilini, si kile inachokifanya ikishaingia. Ibutamoreni, ambayo si peptidi lakini hukitumia kipokezi hichohicho cha grelini, ilipojaribiwa kwa wazee 65 kwa miaka miwili na matokeo kuchapishwa mwaka 2008, iliirudisha homoni katika kiwango cha vijana na kuongeza misuli, lakini nguvu hazikubadilika na mwili ukapunguza usikivu wake kwa insulini. Hata tesamorelini, peptidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, iliruhusiwa kwa kupunguza mafuta ya tumbo kwa watu wanaoishi na VVU, si kwa kutibu uzee.

Isitoshe, haijathibitika kwamba kupungua kwa homoni hiyo uzeeni ni maradhi. Mtu mzima ambaye pituitari yake imeharibiwa na uvimbe, upasuaji au mionzi ana upungufu halisi unaostahili tiba. Mzee mwenye afya hayuko katika hali hiyo. Watu wenye sindromu ya Laron, ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji, walichunguzwa nchini Ekuador na kuonekana kupata saratani na kisukari kwa nadra mno, ilhali wagonjwa wa akromegali, ambao homoni hiyo imewazidi, huandamwa na kisukari na maradhi ya moyo. Ushahidi huo hautoshi kusema kwamba upungufu wa uzeeni ni kinga, lakini unatosha kuitilia shaka dhana kwamba kila kinachopungua lazima kijazwe.

Kuhusu kile ambacho mzee anaweza kukifanya, mwaka uleule wa 1990 wa utafiti wa Rudman, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wa wakazi kumi dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa takriban miaka 90, waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki nane. Kwa tisa waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, ingawa misuli ya paja ilinenepa kwa asilimia 9 tu. Tofauti ya takwimu hizo mbili ndiyo inayoonyesha udhaifu wa hoja ya peptidi: nguvu hutokana pia na jinsi neva zinavyoiamuru misuli, jambo ambalo homoni pekee haiufundishi mwili. Kwa hiyo, peptidi zitastahili kuitwa tiba ya uzee pale majaribio ya miaka kadhaa yatakapoonyesha kwamba wanaozitumia hutembea kwa kasi zaidi, huinuka vitini bila msaada na huanguka mara chache, bila ya kisukari au saratani kuongezeka. Kabla ya hapo, mahali pake panapofaa ni katika utafiti unaosimamiwa, wala si katika kliniki zinazoziuza.