Mteremko wa Saranda na Mizigo ya Wapagazi

Msafiri atokaye Geita au Shinyanga kwenda Dodoma kwa barabara hupita Nzega, Igunga na Singida hadi Manyoni. Kutoka hapo barabara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Saranda, na nyanda za Ugogo huonekana chini hata upeo wa macho. Reli ya Kati nayo hushuka ukingo huo huo kwa kuzunguka ubavuni mwake, maana gari moshi haliwezi kupanda kwa mkato kama mguu wa mwanadamu. Mandhari hiyo hupendeza. Lakini asomaye historia ya Kanisa hana budi kuuliza: kabla ya reli, ni nani aliyepandisha mizigo hapa?

Ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipanda ukingo huu, kila mpagazi akichukua kilo 30 hivi. Mabega yaliyoteremsha pembe za ndovu ndiyo yaliyopandisha vitabu, dawa na mahema ya wamisionari. Majina ya wamisionari tunayasoma. Ya wapagazi ni machache mno.

Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wakati wa Waingereza tawi la kutoka Tabora lilipita Shinyanga, likafika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Reli iliondoa mzigo begani, na hilo lilikuwa jema. Hata hivyo iliondoa pia ujira wa mpagazi, na Wanyamwezi wengi wakawa vibarua wa kuijenga.

Swali hilo halikuishia relini. Almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940, na dhahabu ya Geita, zimepimwa na kuandikwa kwa uangalifu. Jasho la mchimbaji halina mizani. Mtume Paulo, katika Wagalatia 6:2, anaifanya kazi ya kuchukuliana mizigo kuwa utimilifu wa sheria ya Kristo. Basi mwanafunzi wa theolojia anapoandika historia ya usharika wake, asitosheke na jina la aliyeweka jiwe la msingi. Awaulize wazee ni nani waliolibeba jiwe hilo, naye ayaandike majina yao.