Supu ya Mawe ya Oak Ridge

Mwaka 1996, watafiti wawili wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, jimboni Tennessee, Marekani, walikuwa na ramani iliyowashinda kuichora. William Hargrove na Forrest Hoffman walitaka kuigawa nchi yao katika kanda za ikolojia. Walikuwa wameikata vipande milioni 7.8, kila kimoja kilomita moja ya mraba, na kila kipande kilibeba vipimo 25 vya hali ya hewa, udongo na sura ya ardhi. Kompyuta moja ya mezani haikuwa na ubavu wa hesabu hiyo. Wakaomba fedha za kununua mashine kubwa, wakanyimwa.

Basi wakaanza kuokota. Walikusanya kompyuta zilizokwisha kutolewa maofisini, wakazifungua chumbani kama magari ya ajali yanavyofunguliwa gereji: hii inatolewa kumbukumbu, ile diski, nyingine kadi ya mtandao. Kwa wastani mashine tano zilitoa moja nzima. Mwaka 1997 klasta yao, yaani kompyuta zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama moja, ilikuwa inafanya kazi, na kufikia 2001 ilikuwa na kompyuta 133. Waliiita Stone SouperComputer, kutokana na ngano ya Ulaya ya msafiri mwenye njaa aliyeinjika chungu cha mawe, hadi wanakijiji wakaja mmoja mmoja, huyu na karoti, yule na kipande cha nyama. Kwetu mawe yakichemshwa ni msiba. Anayekijua kisa cha Sayyidna Umar anamkumbuka mama aliyewachemshia wanawe mawe ili wasinzie na njaa zao. Supu ya Oak Ridge ilinyweka.

Lakini jiwe la chungu hiki lilikuwa programu. Chuma chakavu kilikuwa kimejaa kila mahali hata kabla ya hapo, na hakikumfaa mtu. Kilichokosekana ni mfumo endeshi usiodai leseni kwa kila mashine, na programu ya kuzifanya mashine zigawane kazi moja. Linux ilileta la kwanza. La pili liliandaliwa papo hapo Oak Ridge tangu 1989, kwa jina PVM, na mwaka 1994 kikatoka kiwango cha MPI, ambacho ndicho kilichoshika hadi leo. Vyote viliweza kupakuliwa bure.

Njia ilikuwa imefunguliwa na Thomas Sterling na Donald Becker, mwaka huohuo wa 1994, katika kituo cha NASA cha Goddard, Maryland. Walifunga pamoja kompyuta 16 zenye prosesa za Intel DX4. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde ukawa mwembamba mno kwa prosesa hizo, na swichi zilikuwa ghali. Becker akaandika upya viendeshi vya kadi za mtandao ili nyaya mbili zibebe mzigo kama moja. Kwa Linux aliweza, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi mbele yake. Sterling aliiita Beowulf, jina la shujaa wa utenzi wa kale wa Kiingereza anayesifiwa kuwa na nguvu za watu 30 katika mkono wake.

Wanahistoria wengi huishia hapo. Mimi naona tabu halisi ilianzia hapo. Kusakinisha Linux kwenye mashine moja ni kazi ya mchana. Kwenye 100 ni adhabu. Mashine moja ikibaki na toleo tofauti la maktaba, hesabu nzima inakwama na hujui mkosaji ni yupi.

Dawa ilitoka San Diego mwaka 2000, katika kituo cha kompyuta kuu cha huko. Iliitwa Rocks, nayo pia ni mawe. Ulisakinisha mashine kuu, ukaandika amri insert-ethers, kisha ukawasha nyingine moja baada ya moja. Kila iliyowaka iliomba anwani, ikasajiliwa compute-0-0, compute-0-1, na kusakinishiwa kila kitu bila kuguswa. Ikiugua, haikutibiwa: ilifutwa na kusakinishwa upya. Uamuzi huo unaonekana wa kivivu, lakini kwangu ndio uliokuwa na akili kuliko yote. Mwaka 2003, kwenye maonyesho ya kompyuta kuu mjini Phoenix, klasta ya kompyuta 128 iliunganishwa kwa Rocks na kuanza kazi kabla saa mbili hazijaisha.

Novemba 2017, orodha ya TOP500, ya kompyuta kuu zenye kasi zaidi duniani, ilionyesha zote 500 zinaendeshwa na Linux. Mwezi uliofuata lilitoka toleo la 7 la Rocks. Toleo hilo limejengwa juu ya CentOS 7, aina ya Linux ambayo matengenezo yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Kwa hiyo mwenye kompyuta chache za zamani na swichi moja asianzie huko, apakue OpenHPC, mkusanyo mwingine wa programu za klasta.