Safu ya Lugha: Kaimati si andazi

Siku hizi, katika mapishi yanayosambazwa kwenye simu, nakuta kaimati zikiitwa "maandazi madogo ya duara". La hasha! Neno hili asili yake ni Kiarabu, luqaymat, yaani matonge madogo, na hata leo Waarabu wa Ghuba hufuturu kwa kitafunio hicho hicho. Wapo wasemao kalimati. Hao sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu uko kwenye maana. Andazi, kutokana na kuandaa, ni unga uliokandwa, ukasukumwa kwenye kibao na kukatwa vipande. Kaimati hazisukumwi: ni rojo zito la unga wa ngano lililoumuka kwa hamira, huchotwa kwa vidole na kudondoshwa kwenye mafuta ya moto, kisha hugaragazwa katika shira yenye iliki. Visheti navyo huvishwa sukari, lakini unga wake hautiwi hamira. Kitumbua ni cha mchele, na hupikwa kwenye chuma chenye mashimo. Basi, ndugu msomaji, ukiwaandikia wanao mapishi ya nyumbani, kila kitafunio kipe jina lake.