Mkono wa blauzi uliokatwa kwenye Uhuru

Kwa fundi cherehani mmoja wa Tandika, wilayani Temeke, kuna msumari ukutani unaoning'iniza karatasi za kukatia nguo: kola, mikono, mbele na nyuma za gauni za watoto. Nyingi ni magazeti ya juzijuzi tu. Moja ilikuwa na rangi ya chai, imelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa, na nilipoigeuza nikakutana uso kwa uso na Chakubanga. Kichwa kilikuwa kimepona, na bega moja. Mkasi ulipita kifuani, ukaondoka na maneno yote yaliyokuwa chini ya picha.

Fundi, mama wa makamo, alinieleza kwamba karatasi ile aliirithi kwa marehemu mama yake pamoja na cherehani. "Huo mkono haujawahi kunikosea, baba," alisema. Nikamwomba aniachie. Nilimchorea mwingine juu ya gazeti jipya, tukapima mara mbili mpaka akaridhika, kisha nikarudi nao Kinondoni ndani ya daladala, ukiwa katikati ya daftari, nimeushika kama mtu aliyebeba mayai.

Nimekuwa nikikusanya katuni za zamani tangu nilipokuwa kijana, na kila mara watu huniuliza zina faida gani. Karatasi ile ya Tandika imenifanya niandike jibu.

Chakubanga alichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na alianza kuonekana mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU. Kurasa zake zilijaa hotuba, mikutano, kampeni za kilimo na ziara za viongozi. Humo humo akatokea mtu wa kawaida kabisa mwenye nguo za viraka, anayehangaika na mji, na pesa, na tamaa zake mwenyewe. Watu walilifungua gazeti wamtafute yeye kwanza. Jina lake likatoka gazetini likaingia mitaani: mtu akivaa hovyo au akionekana mshamba wa mambo, aliitwa Chakubanga, na wapo wazee wa Temeke ambao mpaka leo majirani wanawajua kwa jina hilo tu.

Neno katuni lenyewe limesafiri sana kabla ya kutufikia. Waitaliano waliita cartone karatasi nene ambayo mchoraji alitayarishia picha kubwa kabla ya kuihamishia ukutani. Mwaka 1834 jengo la Bunge la Uingereza liliungua. Jengo jipya lilipokuwa likijengwa, yakafanyika mashindano ya michoro ya kupambia kuta zake, na mwaka 1843 michoro hiyo, yaani katuni kwa maana ya zamani, ikaonyeshwa hadharani London. Gazeti la Punch, lililoanzishwa Julai 1841, likaona aibu iliyojificha mle: serikali inanunua picha za fahari wakati watu wanalala njaa. John Leech akachora mafukara, waliochoka na kuchakaa, wakizitazama picha za wakubwa ukutani, na Punch likauita mchoro huo katuni. Tangu siku hiyo maana ikageuka. Kwa hiyo mchoro wa kwanza kubeba jina hili kwa maana tunayoijua sisi ulikuwa na watu wenye viraka ndani yake. Kila nikimtazama Chakubanga huyo wa mkono wa blauzi, nawakumbuka.

Michoro hiyo ya enzi za Malkia Victoria inakusanywa sana Ulaya na Marekani, na nimeisoma habari yake kwa wivu, sifichi. Kila Jumatano jioni watu wa Punch walikula pamoja na kujadili mchoro mkubwa wa wiki. John Tenniel, aliyelichorea gazeti hilo tangu 1850 hadi 1901, aliuchora juu ya ubao wa mti mgumu, kinyumenyume, ili ukichapwa usomeke sawa. Kisha wachongaji wakakesha wakiondoa mbao pembezoni mwa kila mstari mpaka mistari yenyewe ibaki imesimama. Jarida la Vanity Fair, lililoanza 1868, lilitumia njia nyingine. Picha zake zilichorwa juu ya mawe na kuchapwa rangi moja baada ya nyingine, mtu mmoja mashuhuri kila wiki. Majarida hayo yalifungwa kwa mabuku ya ngozi na nguo, yakapangwa katika maktaba na kwenye nyumba za watu wa kipato cha kati. Punch za mwanzo zilichapwa kwenye karatasi ya matambara ya pamba na kitani, na karatasi hiyo hudumu. Mjukuu alipouza vitu vya babu, mabuku yakafika kwa wauza vitabu vya zamani, wakachomoa picha moja moja na kuziuza.

Na sisi tumo mle. Novemba 1872 Vanity Fair lilimchora Henry Morton Stanley, mwaka mmoja baada ya kumkuta Livingstone Ujiji. Desemba 1892 Punch likatoa mchoro wa Linley Sambourne unaojulikana kuliko yote kuhusu bara hili: Cecil Rhodes amesimama kama jitu juu ya ramani ya Afrika, mguu mmoja Cairo na mwingine Cape, mikononi kanyoosha waya wa telegrafu. Vitabu vya historia vya shule duniani kote vinauchapisha. Mimi huutazama sehemu moja tu, lile pengo lililo kati ya miguu yake. Ziwa Tanganyika liko hapo, Tabora iko hapo, babu zetu wako hapo, na hakuna aliyechorwa. Katika vicheko vile tulikuwa sakafu ya kusimamia.

Ndiyo maana Chakubanga ni mtu mkubwa kwangu. Miaka 75 baada ya mchoro ule, kwenye gazeti linalochapwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, aliyesimama katikati ya picha ni mtu wetu. Ana tumbo lake, ana viraka vyake, ana makosa yake, na anayemcheka ni jirani yake anayemjua. Kenya nao walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, aliyechorwa kwa miongo mingi kiasi kwamba baba na mwana walimsoma kwa zamu. Hawa wawili hawakuchorwa kwa ajili ya msomaji wa mbali.

Kisha likaja gazeti la katuni la Sani. Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Jina lake lilitoka kwa waanzilishi wake wawili, Said Bawji na Nicco ye Mbajo, Sa na Ni. Miaka ya 1980 nilikuwa mtoto, na Sani nililisomea kwenye benchi la kinyozi, Temeke. Nakala ilikuwa moja, tumeizunguka watoto watano, na aliyekaa katikati ndiye aliyeruhusiwa kufungua kurasa. Tulikuwa na Ndumilakuwili, Madenge mtoto mtundu, Pimbi, Komredi Kipepe na Lodi Lofa. Tazama jina hilo la mwisho: lodi ni cheo cha Waingereza wa Punch na Vanity Fair, watu wa kofia ndefu na mikufu ya saa, na lofa ni mtu asiye na kazi wala senti. Wachoraji wetu waliyafunga maneno hayo mawili pamoja wakapata mtu ambaye kila mtaa wa Dar es Salaam unaye, anayejinyoosha na suti akiwa hajala. Katika wachoraji wa Sani, Philip Ndunguru ndiye ambaye mkono wake naujua hata jina likiwa limechanika. Watu wake wana uzito. Wakianguka, unasikia. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana sana, na wahusika wakaendelea mikononi mwa wengine.

Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 magazeti yakafurika na katuni nazo zikafurika. James Gayo akatuletea Kingo. Ally Masoud akaingiza kipanya kidogo katika siasa za nchi, na sasa watu wanamwita Masoud Kipanya kana kwamba ni ubini wake. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akahamia Nairobi na kuwa mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi barani. Hawa wana bahati: kazi zao nyingi zimeingia kwenye vitabu na kwenye intaneti, na hazitegemei msumari wa fundi.

Waliotangulia hawana bahati hiyo. Gazeti la kila siku huchapwa kwenye karatasi ya mbao iliyosagwa, na ndani yake mna lignini, ile gundi ya asili inayoushika mti. Ikipata mwanga na hewa, karatasi hugeuka manjano, kisha kahawia, halafu inavunjika kama papadi. Ongeza unyevu wa pwani yetu, mchwa na mende. Ongeza na sisi wenyewe, maana gazeti la jana Dar es Salaam lina kazi nyingi: kufungia karanga na vitumbua, kuzibia matundu ya kibanda, kutandikia makabati, kufunika sakafu fundi rangi anapopaka, kuuzwa kwa kilo. Simlaumu mtu. Karatasi ilipokuwa adimu, hakuna aliyeitupa, na ni kwa sababu ya matumizi hayo hayo kwamba vipande vingine vimefika kwangu. Nimepata kurasa za Sani chini ya godoro Mwananyamala, na ukurasa mzima wa Uhuru ndani ya sanduku la bati Mbagala, umetandikwa chini ya vitenge.

Mafuriko nayo yamechukua chake. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulipofurika, familia za bondeni zilipoteza kila kitu na nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Rafiki yangu mmoja alikuwa na boksi mbili za Sani uvunguni mwa kitanda. Watoto wake walipona, alhamdulillahi. Boksi tulizikuta zimekuwa tofali.

Kuna mahali salama zaidi. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, zina magazeti yaliyofungwa kwa mabuku, na atakayetaka kuijua historia hii lazima apite huko. Ila gazeti la burudani lililosomwa mpaka likachanika kwa kinyozi linahitaji pia mtu wa mtaani wa kulitafuta. Hapa Kinondoni kwetu, Oysterbay, ndiko Edward Saidi Tingatinga alikoanza kuchora, na leo picha za mtindo wake zinanunuliwa na wageni na kupelekwa duniani. Kwa nini mchoro wa wino wa katuni, uliochorwa miaka hiyo hiyo katika mji huo huo, usiwe na anayeulizia bei?

Tena kuna kitu kinachopotea haraka kuliko karatasi. Nina kipande kidogo, kiganja kizima hakifiki, ambacho jina la mchoraji limechanika. Kinaonyesha mawe, makopo na kandambili moja, vimepangwa mstari mbele ya duka lililofungwa. Hakuna mtu hata mmoja. Nilimwonyesha mpwa wangu wa chuo kikuu, akanitazama akingoja nimwambie kichekesho kiko wapi. Siku nyingine nikampelekea mzee mmoja wa Mwananyamala. Nilimwamkia, nikampa, akakiweka karibu na macho. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka akavua miwani na kufuta machozi. "Hilo kopo ni langu," akasema.

Kisha akanieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na unga vilipoadimika, watu walipanga foleni usiku, na aliyechoka aliweka jiwe au kopo kushika nafasi yake akaenda kulala. Jiwe liliheshimiwa. Ukilisogeza la mwenzio, mtaa mzima ulikujua. Alizungumza karibu saa nzima: nani alikuwa akiamka kuhesabu mawe, nani alioa msichana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, siku duka lilipofunguliwa likakutwa na viberiti tu. Yote hayo yalikuwa ndani ya kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, na bila yeye nisingepata hata nusu. Niliporudi nyumbani niliyaandika nyuma ya bahasha ninayokihifadhia. Tangu siku hiyo siendi kutafuta karatasi bila daftari, na mwenye karatasi namwomba kwanza anisimulie.

Kwa wenye masanduku nyumbani, naomba haya: msizikunje, mzilaze bapa ndani ya faili kavu mbali na dirisha, na msizibandike selotepu hata zikichanika vipi, kwa sababu gundi yake huila karatasi na doa halitoki. Na kabla ya kumwita mnunuzi wa kilo, mwiteni babu au bibi azipekue.

Mkono wa Chakubanga nimeulaza juu ya kadibodi nyeupe. Mwaka wake siujui bado, wala alichokuwa akisema. Nimeugeuza upande wa pili: kuna kipande cha ratiba ya Redio Tanzania Dar es Salaam ya siku ya Ijumaa, na chini yake nusu ya tangazo la baiskeli. Wiki ijayo nakwenda Maktaba Kuu. Nitaanza na Ijumaa za 1967, nije mbele.